Nani Acheze Askari? Kisa cha Igizo la Vita vya Kabalega Katika Mji Mdogo wa Bunyoro

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa historia, maafisa wa maendeleo ya jamii, viongozi wa mila na kamati zinazotayarisha matamasha ya urithi nchini Uganda, hasa mahali ambapo tamasha linabeba igizo la vita na wajukuu wa waliopigana bado ni majirani. Majina ya mji, ya shule na ya watu wote waliohusika yameondolewa, na mambo machache ambayo yangeweza kuutambulisha mji yamebadilishwa bila kugusa hoja. Matukio ya karne ya 19 yameachwa kama yalivyo katika historia, kwa sababu kisa chote kinategemea usahihi wake.

Mji na tamasha lake

Mji huu uko magharibi mwa Uganda, katika ardhi ya Bunyoro, upande wa Ziwa Albert. Una barabara moja kuu, soko, stendi ya teksi na uwanja wa shule ya msingi ambako shughuli zote kubwa hufanyika. Wanyoro ndio wengi. Pamoja nao wanaishi Waaluri na Walugbara waliokuja kutafuta kazi na mashamba, wafanyabiashara kutoka Buganda, Wakongo ambao baadhi yao walipitia makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, na Wanubi ambao mtaa wao uko jirani na mahali palipokuwa na ngome ya askari wakati wa Waingereza. Nyumbani wazee wa Kinubi huzungumza Kinubi, sokoni kila mtu hutumia Kiswahili, na Mnubi wa umri wa makamo huzungumza Kinyoro sawasawa na jirani yake. Wengi wao wana empaako, lile jina la heshima na mapenzi ambalo Mnyoro hupewa utotoni, kama vile Abwooli, Araali au Akiiki, na ambalo desturi yake UNESCO iliiingiza mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Tamasha lilianza likiwa siku ya utamaduni ya shule moja ya sekondari. Kulikuwa na ngoma ya runyege, wachezaji wamefunga njuga miguuni, kulikuwa na meza za kalo na firinda, na wanawake wa Kinubi walileta vikapu vyao na kucheza doluka. Baraza la mji lilipoona watu wanarudi kutoka Kampala na Hoima kwa ajili ya siku hiyo, liliichukua shughuli, likaihamishia mwezi wa Desemba shule zikiwa zimefungwa, na kuwaomba wenye maduka wachangie mahema, viti na vyombo vya sauti. Baada ya miaka michache kamati ilihisi kwamba ngoma na vyakula pekee havitoshi, ndipo mwalimu mmoja wa historia alipopendekeza igizo la vita vya Omukama Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Pendekezo lilipokelewa kwa furaha ya kweli, maana hakuna jina linalogusa mioyo ya Wanyoro kuliko hilo.

Historia iliyoigizwa

Mwishoni mwa mwaka 1893 Kanali Henry Colvile alivuka mto Kafu na kuingia Bunyoro akiwa na askari wa Kisudani mamia kadhaa chini ya maafisa wa Kiingereza, pamoja na jeshi kubwa la Waganda likiongozwa na Semei Kakungulu. Kabalega, aliyekuwa na vikosi vya kudumu vya abarusura vyenye bunduki, aliuacha mji mkuu wake na kuendesha vita vya kuvizia kwa miaka mitano zaidi. Ngome zilijengwa nchini kote, mazao yaliteketezwa, mifugo ilichukuliwa, na njaa na maradhi vikafuata. Tarehe 9 Aprili 1899 alikamatwa katika nchi ya Lango pamoja na Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, akiwa amejeruhiwa kwa risasi hata mkono mmoja ukakatwa. Alipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923 alifariki Jinja kabla hajaifikia nchi yake, akazikwa Mparo, karibu na Hoima.

Hayo ndiyo yaliyokuwa katika mswada wa kwanza. Yapo mengine mawili ambayo hayakuwamo, na msomaji anahitaji kuyajua ili aelewe yaliyofuata.

La kwanza ni habari ya askari wenyewe walioitwa Wasudani, ambao Wanubi wa leo ni wazao wao. Walikuwa watu wa makabila mengi ya Sudani ya kusini na nchi jirani, walioingizwa katika jeshi la serikali ya Misri, wengi wao kwa kukamatwa au kwa utumwa. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa wafuasi wa Mahdi mwaka 1885, walikatwa mawasiliano na serikali iliyowaajiri. Henry Morton Stanley alipomchukua gavana wao, Emin Pasha, kuelekea pwani mwaka 1889, kundi kubwa lilibaki nyuma chini ya Selim Bey, na mwaka 1891 Frederick Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwakuta Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, akawaandikisha. Walipigana vita vya watu wengine katika nchi za watu wengine, kwa mshahara mdogo uliochelewa. Mwaka 1897 sehemu yao iliasi, ikawaua maafisa wa Kiingereza katika ngome ya Luba huko Busoga, na waliosalia baada ya kushindwa walikimbilia kaskazini ambako baadhi yao walijiunga na Kabalega huyo huyo waliyekuwa wametumwa kumwinda.

La pili ni ardhi. Katika vita hivyo nchi ya Bunyoro iliyo kusini mwa Kafu iliahidiwa Buganda, na Mkataba wa 1900 kati ya Uingereza na Buganda ukaithibitisha kuwa ya Buganda. Suala la sehemu hiyo, inayoitwa kaunti zilizopotea, halikupata suluhisho mpaka kura ya maoni ya mwaka 1964, ambapo wapiga kura wa Buyaga na Bugangaizi walichagua kurudi Bunyoro. Kwa hiyo katika vita hivi Waganda walikuwa jeshi kubwa zaidi upande wa Colvile na ndio waliopata ardhi, ilhali Wanubi hawakupata chochote isipokuwa mahali pa kuishi pembeni mwa ngome.

Mfululizo wa matukio

Katika mwaka wa kwanza wa igizo mwalimu aliandika mswada mfupi na kugawa nafasi kwa namna iliyoonekana ya kawaida kabisa. Wanafunzi wa Kinyoro walicheza abarusura. Kwa askari wa Colvile kamati ilikwenda mtaa wa Wanubi kuomba vijana, kwa sababu walikuwa na tarbushi za babu zao, walijua mwendo wa gwaride, na kwa sababu, kama alivyoeleza mjumbe mmoja kikaoni, hao ndio waliokuwa askari wenyewe. Colvile alichezwa na mwalimu wa michezo aliyepakwa unga usoni. Waganda hawakuwamo hata kidogo. Vijana wawili walifika wamevaa suruali za mabakamabaka, na mkuu wa kituo cha polisi akawaamuru kuzivua kabla hawajaingia uwanjani, kwani sheria inamkataza raia kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi. Mbali na hilo siku ilikwisha vizuri. Watu walicheka, walishangilia, na kamati ikaamua mwaka unaofuata igizo liwe kubwa zaidi.

Mwaka wa pili mambo matatu yalibadilika kwa pamoja. Mshereheshaji wa kukodiwa, mtu wa redio mwenye ulimi mwepesi, alipewa kipaza sauti wakati wote wa igizo. Fataki zilinunuliwa ili zilie kama bunduki. Na kamba iliyotenganisha watazamaji na waigizaji iliondolewa ili umati uingie uwanjani kumfukuza adui katika sehemu ya mwisho, jambo ambalo mwalimu alikuwa amelipinga lakini hakusikilizwa.

Mshereheshaji hakuwa na nia mbaya. Alilitangaza igizo kama anavyotangaza mpira, akitaja upande unaoshambulia na upande unaokimbia, na alipokosa neno la kuwaita askari wa Colvile aliwaita Wanubi. Hapo ndipo igizo lilipoacha kuwa juu ya mwaka 1894. Umati ulianza kuwazomea vijana waliokuwa uwanjani kwa majina yao halisi, maana ni mji mdogo na kila mtu anamjua mwenzake. Fataki zilipolia, wanawake wa Kikongo waliokuwa wakiuza dagaa kando ya uwanja walikimbia. Mmoja aliacha beseni na mizani yake, akambeba mtoto, na hakurudi mpaka jioni. Katika mbio za mwisho fimbo zilitumika kwa nguvu kuliko mazoezini, na kijana mmoja wa Kinubi aliumizwa mkono. Usiku huo vioo vya duka moja la mtaa wa Wanubi vilivunjwa kwa mawe. Kwa majuma kadhaa baadaye watoto waliendelea kucheza mchezo wa vita njiani kuelekea madrasa, na kila mara ni watoto wale wale waliopewa kazi ya kufukuzwa.

Hajati mmoja, mjane anayeheshimiwa na pande zote mbili, alikwenda kwa mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji, kulalamika. Hakuomba mtu akamatwe. Aliuliza kwa nini wajukuu wake waliombwa kwa adabu kuja kusaidia tamasha la mji, wakaja, kisha wakarudishwa nyumbani wakiwa maadui wa mji.

Maamuzi na sababu zake

Kamati ilikutana mara kadhaa katika wiki zilizofuata, chini ya mwalimu mkuu mstaafu. Baadhi ya wajumbe walitaka igizo lifutwe. Wengine walitaka liendelee bila Wanubi, wakidhani huko ndiko kuwalinda. Hoja hii ya pili ilikataliwa baada ya mzee mmoja wa Kinyoro kusema kwamba kuwaondoa watu katika igizo baada ya kuwatukana ni kuwatukana mara ya pili, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na jirani Mnubi aliyemwita Araali kwa zaidi ya miaka thelathini bila kufikiria ngome hata siku moja.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kulipa na kuomba radhi kimya kimya. Wajumbe walikwenda kwa miguu hadi kwa mwenye duka, wakalipia vioo kutoka mifukoni mwao, wakaenda kwa familia ya kijana aliyeumia, na hatimaye kwa Hajati. Hawakutangaza redioni wala kupiga picha. Mwenyekiti wa kamati alieleza sababu: radhi ikitangazwa kabla ya kukubaliwa inamlazimisha aliyekosewa kuipokea mbele za watu. Huko kwa Hajati mzee wa Kinyoro alimsalimia kwa empaako yake, Abwooli, naye akaitikia kwa empaako ya mzee, na waliokuwapo wanasema mazungumzo ya kweli yalianza baada ya salamu hiyo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuufungua mswada upya. Kamati ilifanya vikao vya kusikiliza, vingine katika mtaa wa Wanubi na vingine kwa wazee wa koo, na ikawaomba watu walete vitu vya zamani walivyo navyo. Mzee mmoja alileta ganda la risasi alilolipata akilima muhogo. Familia moja ya Kinubi ilileta kifungo cha shaba cha koti la askari, kilichokuwa kimehifadhiwa ndani ya kopo la majani ya chai pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Katika vikao hivyo ndipo habari ya uasi wa 1897 ilipoingia kwa mara ya kwanza katika maongezi ya kamati. Mwalimu aliijua kutoka vitabuni lakini hakuwa ameiona kuwa sehemu ya hadithi ya Bunyoro. Kwa Wanubi ilikuwa habari ya nyumbani.

Hajati alisimulia jambo zito zaidi. Mama wa bibi yake alikuwa Mnyoro aliyechukuliwa akiwa msichana na kupelekwa ngomeni, na hakuna aliyemuuliza kama alitaka. Wengine waliitikia kwa vichwa. Katika mtaa ule, kama ilivyo katika jumuiya nyingi za Wanubi wa Uganda, ukoo wa baba ulitoka mbali kaskazini lakini mabibi wengi walitoka katika nchi ambako jeshi lilipita. Kamati iliamua jambo hili lisiigizwe, angalau mpaka familia zenyewe zitakapotaka, na lisitajwe jukwaani.

Uamuzi wa tatu ulihusu mgawanyo wa nafasi. Nafasi zote zilifunguliwa kwa kila mtu, na kanuni ikawekwa kwamba hakuna mtu atakayeombwa kucheza upande fulani kwa sababu ya kabila lake. Kijana wa Kinyoro alichagua kuwa Selim Bey. Vijana wawili wa Kinubi walichagua kuwa abarusura, na mmoja wao akawa mpiga ngoma wa Kabalega.

Uamuzi wa nne ulihusu uwanja: fataki zilipigwa marufuku, kamba ikarudishwa, mshereheshaji akaagizwa kunyamaza kuanzia igizo linapoanza mpaka linapokwisha, na msimulizi mmoja akawekwa kusoma maneno yaliyoandikwa, kwa Kinyoro na kwa Kiswahili. Taarifa ya mpango mzima ilipelekwa polisi mapema, pamoja na mifano ya mavazi na bunduki za mbao.

Uamuzi wa mwisho, uliofanyika kwa haraka mwishoni mwa kikao kirefu, ulikuwa kuondoa mapigano yote. Igizo la mwaka wa tatu lingeanza Kavalli mwaka 1891, lipite katika uasi wa 1897, na liishie kwa Kabalega akiwa na wenzake kabla ya kukamatwa, bila mtu kuonyeshwa akimpiga mwingine. Sababu iliyoandikwa ni usalama. Kuhusu jeshi la Waganda kamati ilijadili, ikatambua kwamba wafadhili wawili wakubwa wa mahema ni wafanyabiashara kutoka Buganda, na ikaahirisha suala hilo.

Matokeo

Mwaka wa tatu ulipita kwa amani. Watazamaji walipungua, na wauzaji wa chakula waliilalamikia kamati kwa haki, maana walikuwa wamepika kwa idadi ya mwaka uliotangulia. Sehemu ya Kavalli, iliyowaonyesha askari wenye njaa wakiwa na wake na watoto wao wakisubiri serikali isiyokuja, iliwashika watu kuliko kamati ilivyotarajia. Askari waasi walipomfikia Kabalega na kuweka bunduki zao mbele yake, uwanja wote ulinyamaza, kisha ukapiga makofi. Wengi walisema hawakuwahi kusikia kwamba jambo hilo lilitokea.

Hata hivyo wazee kadhaa wa Kinyoro waliondoka kabla ya mwisho, na baadaye walifika kwenye kamati wakiwa na uchungu. Walisema walialikwa kuona vita vya Omukama wao wakaonyeshwa mateso ya askari waliokuja kumpiga, na kwamba mtu aliyepigana miaka mitano porini alionyeshwa akiwa amekaa tu akipokea wageni. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli, na kamati iliyakubali.

Mwaka wa nne vita vilirudi kwa sura nyingine. Majeshi yalisimama pande mbili za uwanja yakisogea kwa milio ya ngoma, bendera zikionyesha ngome inayojengwa au kijiji kinachochomwa, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Abarusura walipotea porini na kutokea tena mahali pasipotarajiwa, nyuma ya mahema na katikati ya watazamaji, jambo lililowafundisha watoto maana ya vita vya kuvizia vizuri kuliko mapambano ya fimbo. Wazee waliokuwa wameondoka walikaa mpaka mwisho. Wanawake wa Kikongo walirudi kuuza dagaa mahali pao pale pale. Katika mtaa wa Wanubi hakukuwa na tukio lolote la uharibifu katika mwaka wa tatu wala wa nne.

Uchambuzi

Wajumbe wengi walipoulizwa chanzo cha matatizo ya mwaka wa pili walimtaja mshereheshaji, fataki na kamba iliyoondolewa. Vyote vitatu vilichangia, na kila kamati inapaswa kuvizingatia. Hasa fataki, katika wilaya yoyote yenye watu waliokimbia vita, hazifai kabisa, na inasikitisha kwamba hakuna hata mjumbe mmoja aliyewafikiria wale wauzaji wa dagaa kabla hawajakimbia. Lakini naona chanzo kilikuwa cha zamani zaidi, kilichokuwapo tangu mwaka wa kwanza ambao wote waliukumbuka kuwa mzuri. Nafasi ziligawanywa kwa damu. Kijana aliombwa kucheza askari kwa sababu babu yake alikuwa askari, na tangu hapo umati haukuwa na njia ya kumtofautisha na anayemwigiza. Mshereheshaji alisema tu kwa sauti kile ambacho mgawanyo wa nafasi ulikuwa umekwisha kukisema.

Kuna jambo la ndani zaidi, nalo ndilo ningependa kamati nyingine zilitazame kwa makini. Kila mgawanyo wa nafasi hutoa hukumu ya kihistoria, hata kama hakuna aliyekusudia. Katika mswada wa kwanza Mwingereza aliyeamuru vita alikuwa mtu wa kuchekesha mwenye unga usoni. Waganda, waliokuwa jeshi kubwa na waliopata ardhi, hawakuonekana. Mzigo wote ulibaki kwa Wanubi, ambao katika mji ule ndio wachache, hawana ardhi kubwa, hawana mfadhili wala kiongozi wa mila wa kuwasemea. Lawama ilishuka mpaka kwa walio dhaifu kuliko wote, ikatua hapo. Katiba ya mwaka 1995 inawataja Wanubi miongoni mwa jamii za asili za Uganda, lakini katika maisha ya kila siku mtu wa jamii hiyo bado anaweza kuulizwa kwao ni wapi, na igizo lile lilikuwa limelijibu swali hilo mbele ya mji mzima. Njia rahisi ya kugundua kasoro hii ni kuorodhesha wote waliokuwapo katika tukio la kweli, kuwaweka kando ya orodha ya waigizaji, na kuuliza ni nani amekosekana na kwa nini.

Kufungua nafasi kwa wote kulifanikiwa, ingawa kulisaidiwa na jambo ambalo kamati haikulitengeneza, yaani kwamba historia yenyewe haikuwa na pande mbili safi. Bila uasi wa 1897 na askari waliojiunga na Kabalega, kumweka kijana wa Kinyoro katika nafasi ya Selim Bey kungeonekana kuwa hila ya kuficha mambo. Kwa kuwa ilikuwa kweli, watazamaji waliipokea. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimesikia kamati nyingine zikitaka kutunga mapatano ambayo hayakuwahi kutokea ili igizo liishe kwa kushikana mikono. Watu hutambua uongo wa namna hiyo, na huwakasirisha wale ambao maumivu yao ndiyo yanayofunikwa. Katika kisa hiki upatanisho ulipatikana kwa kusoma zaidi na kuwasikiliza waliokuwa na sehemu ya hadithi.

Radhi iliyoombwa kimya ilifanya kazi kubwa kuliko mabadiliko yote ya mswada. Ingetangazwa na mshereheshaji mwaka wa tatu, Hajati asingesimulia habari ya mama wa bibi yake, na vijana wa Kinubi wasingerudi uwanjani. Ni kweli kwamba mji mzima haukusikia radhi hiyo, na watoto waliocheza mchezo wa kufukuzana njiani hawakuambiwa na mtu yeyote kwamba walikosea. Shule na madrasa zingeweza kufanya sehemu hiyo, na hazikuombwa.

Kuondoa mapigano mwaka wa tatu ndilo kosa lililo wazi zaidi upande wa maamuzi. Kamati ilikuwa imewasikiliza Wanubi kwa sababu ndio waliokosewa, ikadhani kwamba wazee wa Kinyoro, kwa kuwa ni wengi, hawahitaji kusikilizwa juu ya jambo lile lile. Lakini kwa Mnyoro habari ya Kabalega ni habari ya nchi iliyochomwa na watu waliokufa kwa njaa, na kuiondoa vita katika simulizi hiyo kwa kisingizio cha usalama ni kumnyima Kabalega kile alichokifanya. Utaratibu wa ngoma na bendera ulipatikana mwaka mmoja baadaye kutoka kwa mzee mmoja kati ya wale walioondoka. Angeulizwa mapema, mwaka wa tatu usingepotea.

Kuhusu wanawake walioingizwa ngomeni, nadhani kamati ilifanya sawa kutoigiza. Si kila kilicho kweli kinafaa uwanja wa shule saa tisa alasiri mbele ya watoto wenye soda mkononi, na simulizi ile ni mali ya familia zilizoibeba. Lakini kunyamaza kabisa nako kuna gharama, kwa sababu ndicho kiungo kinachoonyesha kwamba Wanubi wa mji ule ni pia watoto wa Bunyoro. Hajati mwenyewe baadaye alikubali kuzungumza na wasichana wa kidato cha nne, ndani ya darasa, kwa masharti yake. Naona hiyo ndiyo njia iliyofaa.

Suala la Waganda bado halijapata jibu. Katika mwaka wa nne msimulizi alisoma sentensi chache zilizotaja jeshi la Kakungulu na kaunti zilizopotea hadi kura ya 1964, lakini hakuna aliyelicheza jeshi hilo, na mtu aliyefika amechelewa angeondoka akidhani Colvile alikuja na Wasudani peke yao. Sababu ya kimya hiki inajulikana na kila mjumbe: ni mahema. Mfanyabiashara mmoja wa Kiganda, mzaliwa wa mji huo, amejitolea kucheza Kakungulu mwaka ujao. Baadhi ya wajumbe wamefurahi. Wengine wamekumbusha kwamba kanuni ya kutogawa nafasi kwa kabila inamhusu yeye pia, na kwamba akizomewa uwanjani mji utakuwa umerudi mwaka wa pili kwa mlango mwingine. Mwenyekiti amempa mswada wote asome, pamoja na sehemu ya ardhi, na amewaomba wazee wa Kinyoro wakutane naye kabla mazoezi hayajaanza. Kamati itaamua baada ya mkutano huo kama nafasi ya Kakungulu ataichukua yeye, mwanafunzi wa Kinyoro, au mmoja wa vijana wa mtaa wa Wanubi ambaye tayari ameiomba.